Ngozi ya Tau

Kila mwaka, maji yakishaondoka uwandani na nyasi changa zikianza kuchungulia, mtu wa kwanza kushuka kutoka nchi ya juu si mchungaji wala mvuvi. Ni Nalukui, na kichwani ana mzigo wa miiba. Anafika mahali pake, anautua, anashika kiuno na kusonya, kisha anaanza kuzungushia miiba ile kipande cha ardhi kisichozidi uwanja wa nyumba moja. Hajaenda hata kutazama kama kibanda chake kule Lukweta, juu ya tuta, bado kina paa au mto umeondoka nalo. Miiba kwanza.

Ubaya ni kwamba nyasi za hapo ni nzuri kuliko za pengine pote. Ni fupi, laini, kijani kibichi, na ng'ombe waliotoka kukondeana huko juu wanazinusa kwa mbali. Wachungaji wamempa jina la Bibi Miiba. Wakimwona na fimbo yake wanachuchumaa na kupiga makofi kama watu waliomwona mkubwa, halafu wanamuuliza kwa heshima ya uongo kwamba analinda shamba la nani.

"La babu yako," anajibu. "Ingia uvune, ukamsalimie."

Wao wanacheka, yeye hacheki. Ng'ombe akisogea anakula fimbo ya pua, hata awe wa nani. Aliwahi kumtandika fahali wa induna, mkuu wa eneo lile, mbele ya induna mwenyewe, na alipoulizwa kama ana akili timamu alisema akili anayo, ila goti ndilo linalomsumbua.

Hakuzaliwa hivyo. Alipoolewa na Sitwala alikuwa msichana mpole mwenye mwendo wa haraka, na kazi yake kubwa ilikuwa kukamua na kugandisha maziwa kwenye vibuyu. Vibuyu vilikuwa vyake, ng'ombe hawakuwa wao. Walikuwa mafisa, ng'ombe wa kutunziwa, mali ya Muyangwa, mtu wa nchi ya juu mwenye duka na lori. Maziwa yenu, alisema Muyangwa siku alipowakabidhi, samadi yenu, maksai wa kulimia mtumie. Ndama wangu. Mkikaa vizuri na mimi, iko siku nitawapa mtamba. Na ng'ombe akifa, nileteeni ngozi.

Hilo la ngozi hakuna aliyelishangaa, ndivyo mafisa walivyo tangu enzi. Mwenye mali anakaa mbali, hajui yaliyotokea uwandani. Ngozi yenye chapa yake ndiyo inayomwambia kwamba mnyama alikufa kweli. Asiye na ngozi ameuza, au amekula.

Sasa, mwaka mmoja mtamba wa Muyangwa alibebwa na mamba alipokuwa anakunywa maji. Sitwala alishuhudia kwa macho yake, akakimbia na mkuki, akarudi na mkuki. Alikwenda mikono mitupu kumweleza Muyangwa, na Muyangwa akampeleka kwenye baraza la induna. Pale, mbele ya watu wazima waliokaa chini, alimuuliza Sitwala kama huyo mamba alikula na pembe, na kwato, na kama alitafuna pia kengele ya shingoni, maana kengele ilikuwa ya chuma. Baraza zima lilicheka. Sitwala alirudi nyumbani asiguse chakula, na wiki ile Muyangwa alituma watu wakaondoka na majike wawili waliokuwa wakikamuliwa. Nalukui alivigeuza vibuyu viwili midomo chini, vikakaa hivyo. Tangu hapo alikuwa na hofu moja tu maishani, na haikuwa hofu ya mamba.

Ndipo wakasikia habari za kimeta, ugonjwa unaoua ng'ombe, ng'ambo ya mto.

Bwana mifugo, Kashweka, alikuja Lukweta kwa mtumbwi, pikipiki yake ikiwa imelazwa ndani kama mgonjwa. Alikuwa mtu mwembamba mwenye maneno mengi, na kwenye sanduku alikuwa na darubini ya kutazamia vitu vidogo. Aliiweka juu ya kinu kilichogeuzwa, akatia kigae cha kioo chenye doa la damu ya ng'ombe aliyekufa kule ng'ambo, akawapanga watu mstari. Nalukui alipoinama aliona vijiti vidogo vilivyofuatana kichwa kwa mkia, ncha zake zimekatika sawasawa kama matete yaliyopitiwa na kisu kikali. Kati ya vijiti kulikuwa na vitu vya mviringo, vilaini, vimelegea. Kashweka aliwaambia vile vya mviringo ni damu ya ng'ombe mwenyewe, na vijiti ndio wauaji.

Alieleza kwamba kila kilicho hai kimejengwa kwa vyumba vidogo vinavyoitwa seli. Huyu bakteria wa kimeta ni chumba kimoja, basi, hana ndugu wala jirani. Kwa kuwa anaishi peke yake popote, kwenye damu, kwenye tope, lazima awe na ukuta wake mgumu, na juu ya ukuta anavaa koti la utelezi ili askari wa damu wakimkamata awaponyoke. Yeye ni kibuyu, alisema, kibuyu hata ukikitupa njiani kinabaki kibuyu. Lakini ng'ombe ana seli nyingi kuliko nyasi za uwanda wote, na hakuna hata moja yenye ukuta. Zote zimefunikwa na ngozi nyembamba tu, kama ule utando unaokaa juu ya maziwa yaliyochemka. Ni vibofu vilivyoegemeana.

Sitwala, ambaye hakuweza kukaa na swali, aliuliza mbona ng'ombe mkubwa vile kanyimwa ukuta na kidudu kimepewa. Kashweka akamuuliza yeye, vibuyu ukivifunga pamoja vinaweza kukimbia? Vinaweza kuvuta jembe, au kumlamba ndama? Ng'ombe anajikunja na kujinyoosha kwa sababu vyumba vyake vinajikunja na kujinyoosha. Ulaini ndio kazi yake. Na ndiyo maana kuna dawa ya sindano inayopasua vibuyu na kuviacha vibofu salama, maana haikuti ukuta wa kupasua.

"Kwa hiyo na mimi ni vibofu," Sitwala alisema.

"Vibofu vitupu."

"Mke wangu ameshaniambia siku nyingi."

Watu walicheka mpaka kinu kikatikisika na Kashweka akaikimbilia darubini yake. Walipotulia ndipo aliposema lile alilokuja kulisema. Ng'ombe akifa ghafla, damu nyeusi ikitoka puani, msimfungue. Ndani ya mzoga uliofungika hakuna hewa, mzoga unaoza, na wale vibuyu wanaoza nao wakaisha. Lakini ukitia kisu, damu ikaonja hewa, kila mmoja anajua chakula kimekwisha. Anatengeneza mbegu ndani ya tumbo lake mwenyewe, ganda juu ya ganda, halafu anauacha ukuta wa zamani ufe. Hiyo mbegu haili, hainywi, haifi kwa jua wala kwa mafuriko. Inakaa kwenye udongo mpaka siku ng'ombe mwingine atakapoilamba na nyasi, hata kama siku hiyo ninyi mmeshakuwa wazee. Kwa hiyo mzoga ni wa kuchoma, mzima mzima, na ngozi yake.

Hapo kicheko kilikwisha. Sitwala aliuliza, na wenye ng'ombe je, wakitaka ngozi? Kashweka alisema atawaeleza yeye mwenyewe, mmoja mmoja. Labda alikusudia kweli. Lakini uwanda ni mkubwa na petroli yake ilikuwa ndogo, na kwa Muyangwa hakufika.

Tau alikufa kabla mwezi haujaisha. Tau maana yake simba, naye alikuwa maksai mweusi wa kuongoza jembe, shingo kama gogo. Jana yake alilima. Asubuhi walimkuta amelala uwandani miguu juu, tumbo limejaa, na puani inatiririka damu nzito isiyotaka kuganda. Sitwala alisimama akaitazama. Mikono yake ilikuwa na michubuko ya matete, maana asubuhi ile alikuwa akisuka migono ya kutegea samaki.

Alisema aende akatafute kuni nchi ya juu. Nalukui, na mwanawe Mwangala mgongoni, alimuuliza atarudi lini na hizo kuni, na Muyangwa akija siku ile ya soko kama alivyoahidi ataonyeshwa nini, majivu? Sitwala alisema bwana mifugo amekataza.

"Bwana mifugo ana pikipiki yake," Nalukui alisema. "Atapanda atakwenda. Sisi tutabaki na mdomo wa Muyangwa."

Sitwala akaitazama chapa ya Muyangwa.

"Hatuli, Baba Mwangala. Nyama hatugusi hata kipande. Tunachuna tu."

Waliona wamepata njia ya katikati. Wanamtii Kashweka nusu, Muyangwa nusu, na wenyewe wanabaki na ng'ombe. Sitwala alinoa kisu. Nalukui alishika mguu wa nyuma, akauvuta kwa nguvu zake zote ili ngozi ikae vizuri kwa kisu, na damu ikamwagika penye nyasi, nyeusi, ikienea. Shimo walilochimba lilijaa maji kabla halijafika magotini, basi wakasukumia mzoga humo, wakaufunika kwa tope walivyoweza. Ngozi waliiwamba nyuma ya nyumba kwa vigingi, wakatupia mkeka juu yake majirani wasiulize. Chapa ya Muyangwa ilionekana wazi, nzuri kabisa.

Kipele kilimtokea Sitwala kwenye kifundo cha mkono, kama mtu aliyeumwa na mbu. Kikawa lengelenge, lengelenge likazama katikati na kuwa jeusi kama kaa la moto lililozimwa, kando yake pamevimba. Kitu kimoja kiliwadanganya: hakikuuma. Sitwala alikichoma kwa mwiba kumwonyesha mkewe, akacheka.

"Kingekuwa kibaya kingeuma," alisema.

Hata hivyo alitaka kwenda zahanati. Na hapa ndipo Nalukui alipofanya lile ambalo halijamtoka moyoni hadi leo. Alimwambia angoje. Zahanati watauliza umeshika nini, na ukisema, Kashweka atakuwa hapa kesho na kiberiti, na ngozi itachomwa kabla Muyangwa hajaiona. Siku ya soko iko karibu. Muyangwa aione kwanza, ndipo twende.

Siku ya soko ilifika, Muyangwa hakufika. Lori lake lilikuwa limezama kwenye mchanga huko juu. Walingoja. Mkono wa Sitwala ulivimba ukawa kama paja, kisha uvimbe ukapanda begani, ukaingia shingoni, na sauti yake ikabadilika ikawa ya mtu anayesemea ndani ya mtungi. Ndipo Nalukui akamlaza kwenye mtumbwi, akamfunga Mwangala mgongoni, akashika upondo mwenyewe. Njia nzima Sitwala alikuwa anazungumza na Tau, akimwambia ageuke, mtaro umefika mwisho.

Zahanati walimdunga sindano mara ile ile, na Kashweka akaitwa. Nalukui alimfuata Kashweka nje, akamkumbusha maneno yake juu ya kinu, kwamba dawa inapasua vibuyu na kuacha vibofu. Alitaka kusikia kwamba basi itakuwa salama.

Kashweka hakumkemea. Alivua kofia yake akaikunja.

"Dawa inavipasua, Mama. Vimepasuka tele," alisema. "Lakini vilishamwaga sumu viliyoibeba, na sumu haina ukuta. Sasa hivi inatoboa vile vibofu. Vinavuja. Dawa ya kuziba vibofu sina."

Nalukui alirudi ndani. Sitwala alikuwa amefumba macho, uso umemvimba hadi hakufanana na mtu aliyemjua, na ngozi ya shingo imekaza inang'aa. Sitwala alimtambua mkewe kwa harufu au kwa hatua zake, maana aliuliza bila kufumbua macho kama Muyangwa ameiona.

"Ameiona," Nalukui alisema.

"Kasema nini?"

"Kasema ni ngozi nzuri."

Sitwala alikata roho kabla ya jua kuzama. Kesho yake Kashweka alikwenda Lukweta, akang'oa vigingi, akaichoma ngozi ya Tau pamoja na mkeka wake. Mzoga ule wa kwenye tope aliufukua na kuuchoma pia kwa kuni alizokuja nazo, na mahali damu ilipomwagika alimwaga chokaa mpaka pakawa peupe. Alimwambia Nalukui azungushie miiba, ng'ombe wasile hapo.

Aliuliza hadi lini.

"Mpaka nitakapokuambia," Kashweka alisema. Mwaka uliofuata alihamishwa, na hakumwambia.

Muyangwa alikuja matangani. Alipiga makofi ya salamu kama inavyopasa, akakaa na wanaume, akasema maneno mazuri juu ya marehemu. Alipoinuka kuaga, watu wamejaa uani, alimwinamia Nalukui akamuuliza kwa sauti ya chini, sauti ya mtu mwenye adabu, ngozi ya Tau iko wapi.

Nalukui alimweleza yote. Hakuacha kitu. Muyangwa alisikiliza huku akitikisa kichwa, halafu akasema, "Mngeniambia tu. Kimeta nakijua. Mimi ningewakatalia?"

Aliwaacha ng'ombe kwake. Kila mtu alimsifu kwa hilo. Nalukui peke yake alibaki na lile swali akilizungusha miaka na miaka, kwenye kukamua, kwenye kulima. Ikiwa Muyangwa alisema kweli, basi yeye alimngojesha mumewe bure, kwa hofu ya kitu ambacho hakikuwapo. Halafu anakumbuka baraza la induna, na mamba aliyekula kengele, anasema moyoni, mwongo yule. Asubuhi nyingine haamini hata hilo. Muyangwa mwenyewe akazeeka akafa, na jibu akaenda nalo.

Mwangala alikua, akaolewa na Mubiana, kijana wa mikono mikubwa na moyo mwepesi, mwenye kupenda ng'ombe kuliko wengi wanavyopenda watu. Aliwachukua mafisa wale wale akawatunza wakawa wengi. Lakini mwenye mali sasa alikuwa Situmbeko, mtoto wa Muyangwa, na huyo alikuwa mgumu mara mbili ya baba yake. Mubiana aliwahi kumpelekea picha ya ndama aliyekufa, kwenye simu. Situmbeko akamwambia ng'ombe aliyelala usingizi naye anapigwa picha. Lete ngozi.

Ukaja mwaka wa mafuriko makubwa. Maji yalisomba miiba yote, yakaichimba ardhi na kuipindua kama mtu anayetafuta kitu alichoangusha. Na mwaka huo huo goti la Nalukui lilivimba akashindwa kushuka mapema. Chanjo ya ng'ombe nayo haikufika upande wao. Alimwagiza Mubiana aweke miiba kabla ya yote, na Mubiana akasema ndiyo, Mama, ile ndiyo anayopewa mama mkwe.

Alipofika uwandani kwa mtumbwi wa watu, akichechemea na fimbo, aliwaona kwa mbali. Mubiana amepiga magoti, ananoa kisu. Mbele yake amelala jike mwekundu, mwenye mimba kubwa, miguu juu, puani inatoka damu nyeusi. Na Mwangala ameshika mguu wa nyuma, anauvuta kwa nguvu zake zote.

Nalukui hakupiga kelele. Pumzi ya kupiga kelele hakuwa nayo. Alifika, akaketi juu ya ubavu wa yule ng'ombe kama mtu aliyeketi kwenye kigoda.

"Mwangala, achia huo mguu."

Mwangala akauachia. Mubiana alimwomba mkwewe ainuke, kwa heshima kwanza, akamwambia hawali, wanachuna tu, Mama asiwe na wasiwasi.

"Nichune mimi kwanza," Nalukui alisema. "Yangu imekunjamana, lakini itamfaa Situmbeko kwa kufutia viatu."

"Mama, atasema nimemuuza."

"Atasema."

"Atawachukua wote."

"Atawachukua."

Mubiana aliinuka. Akamuuliza, sasa kwa sauti ya juu, watoto watakunywa nini. Nalukui alisema maji yako mengi. Alijaribu kumweleza habari za vibuyu na vibofu, za mbegu yenye ganda juu ya ganda, lakini mdomoni mwake ilitoka kama hadithi ya kulalia watoto, na aliona kwenye macho ya Mubiana kwamba ndivyo alivyoisikia. Basi akaacha. Akabaki amekaa tu. Inzi walikuja, jua likapanda, tumbo chini yake likaendelea kujaa na kulia, na ndama aliyekuwa humo ndani hakutikisika. Mubiana alikizungusha kisu mkononi. Kumnyanyua mama mkwe kwa nguvu hakuweza, hilo hata yeye lilimshinda.

Mwishowe alisema kuni hakuna. Kweli, uwandani hakuna mti. Nalukui akanyoosha fimbo kuelekea Lukweta, kwenye zizi.

Nguzo zile zilikuwa za mti mgumu. Sitwala alizileta kwa mtumbwi kutoka nchi ya juu, moja moja, mwaka aliomwoa. Mubiana alisema hagusi zizi lake mwenyewe, akaenda zake. Aliyeng'oa nguzo ya kwanza ni Mwangala. Walizibeba wawili, mama akikokota, mtoto akijitwika, pamoja na samadi kavu, wakamchoma ng'ombe mwekundu na kilichokuwa tumboni mwake. Moto ulikula mchana kutwa na kesho yake nusu, na harufu ilifika tutani. Jirani zao walifunga milango.

Situmbeko alikuja na vijana wa kuswaga. Aliyachokoa majivu kwa ncha ya kiatu. Alisema baba yake alimsimulia kuhusu ukoo huu, kwanza mamba, halafu kimeta, sasa moto, na kwamba mifupa ya kuchoma mtu anaweza kuokota popote. Mubiana alisimama kando, mikono nyuma. Ng'ombe walikusanywa. Zizi la kuwatoa halikuwapo tena.

Nalukui aliomba kitu kimoja, kwamba wawapitishe upande wa mto, wasikate pale katikati, miiba bado haijawekwa. Situmbeko akawaambia vijana wakate katikati, ndiyo njia fupi.

Na pale nyasi zilikuwa fupi, laini, kijani kibichi. Kundi lilifika likainamisha vichwa. Nalukui aliwakimbilia na lile goti lake, akawapiga fimbo za pua, mmoja baada ya mwingine, ng'ombe ambao dakika hiyo hawakuwa tena shauri lake. Vijana wa Situmbeko walimcheka. Mmoja alimwigiza anavyochechemea. Aliwahi wengi, hakuwawahi wote. Waliondoka wakitafuna, na kama kuna waliokufa huko mbele, habari haikurudi Lukweta.

Sasa wanaishi kwa samaki na kijishamba cha mahindi kinacholimwa kwa mkono. Vibuyu vyote vimegeuzwa midomo chini. Mubiana haongei na mkwewe ila kwa kumpitia Mwangala, na akinywa pombe anawaambia watu kwamba alifukuziwa ng'ombe na mwanamke mwenye hadithi ya vibuyu. Watu wanamhurumia. Nani atamshukuru mtu kwa kifo ambacho hakikutokea? Hakuna maiti wa kuonyesha.

Nalukui anamwacha aseme. Jioni wanapokula, Mubiana anakaa upande wake amegeuza uso. Lakini sahani ni moja, na kila akinyoosha mkono kuchukua ugali, Nalukui anautazama ule mkono, kutoka kiwiko hadi kifundo, kutoka kifundo hadi kucha. Hauna kitu. Ndipo naye anamega tonge lake.